Siku Mama Mkwe Alipokalia Kiti Changu cha Intavyuu

Jamani, hii aibu nimekaa nayo miaka, na mwenye kuijua vizuri kuliko wote ni mke wangu, ambaye akitaka kunishinda kwenye ugomvi wowote wa nyumbani hana haja ya kupaza sauti, ananiangalia tu halafu anasema, "Karibu kiti, mama," na mie nanyamaza, ugomvi umekwisha hapohapo. Leo naisimulia mwenyewe kabla hajaisimulia yeye, maana akisimulia yeye huwa anaongeza chumvi (eti nililia, sikulia, ni jasho liliniingia machoni).

Kwanza mjue mie nilikuwa nani. Nilikuwa fundi majokofu, na siyo fundi wa kubahatisha. Nilisoma ufundi miaka mitatu, nikaajiriwa na shirika moja la umma kwenye vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki, nikafanya kazi miaka minne mpaka shirika lilipoanza kupunguza wafanyakazi, nikapewa barua na mkono wa kwaheri, nikarudi zangu Tandika kufungua kibanda. Wakati ule biashara ilikuwa imefunguliwa, friji za mitumba zinashuka bandarini kila siku, na umeme nao wa mgao, unakatika ukitaka na kurudi ukitaka, na ukirudi unarudi kwa kishindo unaunguza kompresa za watu, kwa hiyo mie kazi hazikunikaukia. Friji ikinguruma tu nilikuwa nishajua inaumwa nini kabla sijashika bisibisi. Sijisifu, ni kweli, muulizeni mtu yeyote wa Tandika wa enzi zile.

Kilichonipungukia ni kitu kimoja, kazi yenye barua. Nilitaka kumwoa Zuhura wa Mwananyamala, na baba yake alikuwa ameshasema waziwazi kwamba binti yake haolewi na mtu wa kibandani. "Kibanda mgambo wanakivunja asubuhi," alisema, "sasa jioni mwanangu atakula nini?" Sikuwa na la kubishana naye, kwa sababu kibanda changu kilishavunjwa mara mbili na mara zote mbili yeye alipata habari.

Basi ikatokea kampuni mpya ya majokofu, ya wageni, kule Mikocheni kwenye viwanda (jina naliweka kapuni), wakatangaza gazetini wanataka mafundi. Raundi ya kwanza mtihani wa kuandika, Kiingereza kitupu, tukafanya watu kama sitini hivi, nikapita. Raundi ya pili ndo ile yenyewe, maswali ya ufundi uso kwa uso, nayo kwa Kiingereza, na tukapewa wiki tatu za kujiandaa.

Sasa hapo ndipo nilipofanya kosa, na lilikuwa dogo, yaani nililifanya nikiwa nafunga boliti. Mjomba Bakari, mshenga wangu, alikuwa anapeleka posa Mwananyamala Jumapili ya wiki hiyohiyo, akaja kibandani kuniuliza.

"Wakiniuliza kijana anafanya kazi wapi, niseme wapi?"

"Sema tu kule Mikocheni, Mjomba."

"Kwani umeshapata?"

"Si nimepita ya kwanza? Iliyobaki ni kukamilisha tu."

Mjomba Bakari ni mtu wa kutia nakshi. Ukimtuma akasema umekula wali, atasema umekula pilau na mbuzi mzima. Akafika kwa wakwe, akasema kijana ni injinia kwenye kampuni ya Wazungu, ana meza yake na watu chini yake, na posa ikapokelewa siku hiyohiyo. Zuhura alipokuja kuniambia alikuwa amefurahi na amekasirika kwa pamoja. "Athumani," akasema, "njia ya mwongo fupi." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, baada ya wiki tatu uongo utakuwa umegeuka kweli, na nani atakuja kuuliza ulianza lini? Nilijiamini mno, nakiri.

Mama yake Zuhura, Bi Mwanahawa, alikuwa mama lishe, anapika chai, vitumbua na maandazi na kuyauza kwenye magereji na ofisi. Na niwaambie jambo moja ambalo wengine mnalijua: kwa wakwe zangu, watu wa pwani wa hapahapa Dar, mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa hasa. Huli mbele yake, hata maji hunywi. Hukai kitini yeye akiwa kasimama. Mkikutana uchochoroni ni wewe unayejibanza ukutani apite. Kwetu Lindi nako ni hivyohivyo, kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa. Nilipokwenda kujitambulisha baada ya posa nilikaa mkekani barazani, macho chini, dakika kumi nzima, nikawa naiona miguu yake tu, miguu mipana yenye hina, na kidole gumba cha kushoto kimekatika kucha. Uso wake ningeweza kupotezana nao sokoni. Ile miguu, hapana.

Kuhusu Kiingereza, nilikuwa na Mwalimu Komba, jirani yangu, mstaafu aliyefundisha somo hilo miaka thelathini na ambaye hata kuku wake akiwafukuza huwafukuza kwa Kiingereza. Kila siku baada ya alasiri nilikaa kwake, ananiuliza, najibu, nikikosea anagonga meza kwa rula. Tukatengeneza majibu kumi na moja, nikayameza yote. Kuna jibu la wewe ni nani, jibu la kwa nini tukuajiri, jibu la kazi ya kompresa, jibu la udhaifu wako ni upi (udhaifu wangu ulikuwa kufanya kazi kupita kiasi, Mwalimu aliutunga mwenyewe). Siku ya mwisho akanifungia tai, akailegeza, akanivua ikiwa na fundo lake, akasema niivae kesho kama mkufu na nisithubutu kuifungua.

Kesho yake nikafika Mikocheni saa mbili kasoro, shati jeupe, tai shingoni, viatu vinang'aa. Nje ya geti wamekaa watu tisa kwenye mabenchi, kila mmoja na bahasha yake, nikajua hawa ndo wenzangu. Nikamwendea mlinzi nikamtajia jina langu, Athumani Chilumba. Yule mlinzi akasimama wima.

"Kumbe ndo wewe Injinia Athumani! Karibu bosi, tumekusikia sana!"

Mtu mwenye akili angeuliza umenisikia wapi. Mie nikadhani habari za mtihani wangu wa kwanza zimeenea. Akafungua kitabu cha wafanyakazi, akaniandika, nikatia saini, akanifungulia geti dogo, na mie nikapita mbele ya wale tisa kidevu juu, mmoja wao hata akanisalimia kwa heshima. Mlinzi akanipeleka kwenye chumba ambacho wafanyakazi wanabadilishia nguo, akaniambia nipumzike. Nikapumzika. Nikawa narudia jibu la nne moyoni, na kusema kweli nilijiona nimeshaajiriwa.

Nikapumzika mpaka nikasikia sauti ya mwanamke huko nje getini inaita, "Athumani Chilumba!" Nikasema huyo ananitafutia nini huko. Ikaita tena. Ilipoita mara ya tatu ndipo akili iliponirudia, kwamba wanaosailiwa wanaitwa kutoka nje, na mie niko ndani nimekaa kwenye benchi la wafanyakazi chini ya ovaroli za watu. Nilitoka mbio, tai imegeukia mgongoni, nikamkuta dada mmoja Mkenya ameshaweka kalamu kwenye jina langu tayari kulikata. Akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Ulikuwa wapi?"

"Ndani, dada."

"Ndani wapi?" Hilo halikuwemo kwenye yale majibu kumi na moja.

Chumba cha intavyuu kilikuwa na meza ndefu na viti vinne, vitatu upande wao, kimoja upande wangu. Katikati alikaa bosi mwenyewe, Mholanzi mrefu anaitwa Bwana Willem, kushoto yule dada Mkenya wa mambo ya wafanyakazi, na kulia Injinia Lyimo, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa amekataa katakata siku hiyo kutamka neno la Kiswahili, hata nilipomwamkia shikamoo alinijibu gudi moning. Kwenye kona ilisimama friji ndefu ya vioo, zile za kuuzia soda, imesimama juu ya miguu yake ya chuma.

Maswali ya kwanza yalikwenda kama maji. Mie ni nani, jibu la kwanza. Kwa nini tukuajiri, jibu la tatu. Udhaifu, la tisa, na yule dada akaandika kitu huku anatabasamu. Halafu Injinia Lyimo akatoa lake, nje ya yale kumi na moja: friji ya zamani unaweza kuijazia hii gesi mpya inayoingia siku hizi? Hapo Mwalimu Komba hakuwepo, lakini kibanda cha Tandika kilikuwepo. Nikasema hapana, usijaze hivihivi, gesi mpya haipatani na oili ya zamani iliyomo kwenye kompresa, ukichanganya umeiua. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini Lyimo alitikisa kichwa mara moja kukubali, na kwa mtu wa aina yake hiyo ni sherehe.

Ndipo akanionyesha ile friji ya kona. Haipoozi, akasema, tafuta ugonjwa wake, na wakati unatafuta uwe unatuelezea kwa Kiingereza unafanya nini. Nikavua saa, nikakunja mikono ya shati, nikaivuta mbele kidogo nikaingia nyuma yake. Hapo sasa nilikuwa nyumbani. Nikapiga magoti, kichwa ndani ya mashine, sehemu ya kukalia imetokeza pembeni ya friji, upande wa mlango, nikawa nawahubiria kwa sauti, kompresa inazunguka, ina joto sana, gesi nisiiguse kwanza, mtu anayekimbilia kujaza gesi siyo fundi. Nikaona feni ya nyuma haizunguki. Nikaona waya wake umechomolewa makusudi. Nikasema moyoni, Athumani, umewaweza.

"Hodi humu! Chai!"

Mlango ukafunguliwa. Nilikuwa nimeinama, na chini ya friji, kati ya ile miguu yake ya chuma, nikaona miguu mingine inaingia. Mipana. Ina hina. Kidole gumba cha kushoto kimekatika kucha.

Jamani, ni mama mkwe. Ni baadaye sana ndipo nilipojua kwamba Bi Mwanahawa alikuwa amepata tenda ya chai kwenye kampuni ile tangu wiki iliyotangulia, na alipoambiwa ni kampuni gani alifurahi akasema hapo ndipo anapofanya kazi mkwe wangu, na kila siku alikuwa anawauliza walinzi Injinia Athumani yuko wapi, wakimwambia hawamjui anawafokea, mbona nyie hamuwajui mabosi wenu? Ndo maana ya lile geti dogo.

Nikafanya uamuzi. Nikasema nitabaki humuhumu nyuma ya friji mpaka amimine chai aondoke, na wala hatajua. Tena nilijikunja nikawa mdogo.

"Endelea," Injinia Lyimo akasema kwa kile Kiingereza chake. "Hatukusikii."

Nikaendelea kwa sauti ya mtu mwenye mafua, nikiuambia ukuta kwamba feni haina umeme.

"Ee," nikasikia, "mbona sauti kama ya mkwe wangu?" Miguu ikasogea. "Athumani baba, ndo wewe huko? Walinzi wameniambia leo umeingia!"

Nilisimama haraka nikagonga kichwa kwenye ukingo wa friji, bisibisi ikaanguka, nikatoka na vumbi usoni na utando wa buibui kwenye tai ya Mwalimu. Na kumbukeni kwamba muda wote ule nilikuwa nimempa mama mkwe upande ambao mkwe hapewi.

"Shikamoo mama," nikasema, macho sakafuni.

"Marahaba baba. Poleni na kazi."

Akabaki amesimama na sinia lake zito. Bwana Willem akanionyesha kiti changu nirudi nikakae tuendelee. Sasa nitakaaje? Mama mkwe kasimama, sinia mkononi, halafu mie nikae kitini mbele yake nikunje nne? Mkono wa Bwana Willem unanionyesha kiti, miguu yangu inakataa. Ndipo likanitoka lile neno ambalo mke wangu hataniachia mpaka nazikwa.

"Karibu kiti, mama."

Na yeye akakaribia. Akaweka sinia mezani, akavuta khanga yake vizuri, akakaa kwenye kiti changu cha intavyuu, ameelekeana na jopo zima, mie nikajibanza ukutani. Bwana Willem akamwangalia yeye, akaniangalia mie, akauliza taratibu kabisa kuna nini. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba huyu ni mama mkwe wangu, sir. Nikaona nimwekee sawa: bado hajawa, lakini ni mama mkwe.

Bi Mwanahawa alipoona wote wanamwangalia akadhani wanamsubiri yeye. Akamimina chai, akawagawia vitumbua, akawaambia, "Asanteni sana kwa kunilelea mwanangu, Mungu awazidishie." Yule dada Mkenya, kwa ukarimu wake, akachukua kikombe akanipelekea ukutani. Nikakipokea. Kunywa siwezi, mkwe yupo. Kukiweka chini siwezi, hakuna pa kuweka. Bwana Willem akainua chake kunihimiza, kunywa, kunywa, na mie nikageuka nikautazama ukuta, kikombe changu juu ya kisahani chake.

Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake yule Mholanzi akaanza kucheka polepole, akasema (na hapo Lyimo akalazimika kumtafsiria mama, Kiswahili kikamtoka kwa mara ya kwanza), kampuni inauza friji kwa watu wa kawaida, na fundi akishindwa kumwelewesha mteja kazi imeharibika. Akamuuliza mama kama ana friji nyumbani.

"Ninayo," mama akasema, "lakini tangu mwezi uliopita haigandishi barafu, nimeshachoka nayo."

"Mweleze," bosi akaniambia. "Halafu unitafsirie."

Basi nikamuuliza, macho yangu kwenye kisahani. "Mama, hiyo friji mmeiweka wapi?"

"Sebuleni, baba. Tumeisogeza mpaka ukutani ili wageni wapate nafasi. Na juu na nyuma nimeivisha kitambaa cha kufuma, kizuri, amekifuma Zuhura."

Nikajua. Yaani nilijua hapohapo, na aibu yote ikakaa pembeni kidogo. Nikamwambia, "Mama, friji inapumua kwa mgongoni. Lile joto inalolitoa kwenye maji yako inalitupia nyuma. Wewe ukipika jikoni, umefunga mlango na dirisha, moshi unakwenda wapi?"

"Unanirudia mwenyewe."

"Ndo hivyo hivyo. Haina ugonjwa. Isogezeni mbele, ivueni kitambaa, msinunue gesi, mtu akija kukwambia inataka gesi mfukuze."

Nikamgeukia Bwana Willem nikamtafsiria yote, na nikamwonyesha kwamba hata hii yenu ya kona ni hiyohiyo, mmeinyima feni, joto halina pa kwenda. Lyimo akaandika. Yule dada akaandika. Mie nikaanza kunyoosha mgongo, nikisema kumbe Mungu ana njia zake, mama mkwe amekuja kunipitisha. Ndipo Bi Mwanahawa, ambaye alikuwa anatuangalia huku na huku, aliponiuliza, tena kwa upole kabisa.

"Lakini baba, mbona wanakuuliza maswali kama mtoto wa shule? Si wewe ndo injinia wao? Au kazi yenyewe hujaipata bado?"

Yule dada Mkenya aliacha kuandika. Injinia Lyimo akakohoa kwenye chai yake. Bwana Willem akauliza mama amesema nini, na Lyimo akafungua mdomo kumtafsiria, halafu akaufunga, akaniangalia mie.

"Atafsiri mwenyewe," akasema.

Nilikuwa na nafasi ya kuchepuka, msidhani sikuiona. Ningeweza kumwambia Mzungu kwamba mama anashukuru, na mama nikamwambia hii ni desturi ya ofisi, wafanyakazi wanaulizwa kila mwaka. Mjomba Bakari angefanya hivyo na angeongeza na pilau. Lakini Lyimo na yule dada wanajua Kiswahili, na zaidi ya wote aliyekuwa ananiangalia ni yule mama, kwenye kiti nilichompisha mwenyewe, na vitumbua vyake alivyovipika tangu alfajiri, akiwa amegombana na walinzi wiki nzima kwa ajili yangu. Nikaona haya, siyo haya ya kuchekwa, haya ya kweli.

"Mama," nikasema, "kazi sijaipata. Leo ndo nimekuja kuiomba. Tuliwaambia uongo, na aliyeuanzisha ni mie, siyo Mjomba. Nisamehe."

Halafu nikamgeukia bosi nikamwambia kwa Kiingereza, bila Mwalimu Komba, bila jibu la nne wala la tisa: Mama ameniuliza kama kazi nimeipata. Nimemwambia hapana. Nilisema ninayo ili nipewe binti yake. Nilidhani nitaipata kabla hajajua. Maneno yalikuja yenyewe yamenyooka, sijui yalitoka wapi.

Bwana Willem akauliza kwa nini nimesema kweli wakati ningeweza kuficha. Nikamwambia, kwa sababu aliyeniuliza ni mama, sir.

Bi Mwanahawa akainuka. Akakusanya vikombe vyake vyote, na kile cha Bwana Willem kilichokuwa na chai nusu, akakichukua kutoka mkononi mwake, hakuna aliyethubutu kumzuia. Akaja mpaka ukutani akanipokonya na changu, kimejaa, kimepoa. "Jumapili uje nyumbani na huyo mjomba wako," akasema. Alipofika mlangoni akageuka akamwambia Injinia Lyimo, kwa sababu ndiye aliyemwona ana sura ya kuonea watu, "Na nyie msimwonee. Friji anaijua."

Akaondoka. Nikaambiwa nikae, nikakaa, kiti bado kina joto lake. Nikamalizia waya wa feni, friji ikaanza kupooza, wakaniambia ningoje barua.

Kutoka ndo ikawa balaa lingine, maana habari zilishafika getini kabla yangu. Wale tisa wakanipigia makofi, "Injinia, safari njema!" na mlinzi akawa ameshika kitabu chake anahangaika, "Bwana wewe, nimekuandika kwa wafanyakazi, sasa nifanyeje?" Nikamwambia futa. Nikatembea kwa miguu mpaka Mwenge, tai nimeivua na fundo lake nimeitia mfukoni.

Jumapili tukaenda Mwananyamala, Mjomba Bakari kanyamaza kama mtu aliyeng'olewa jino. Mama mkwe alikuwa hajamwambia mumewe kitu. Akatuketisha mkekani akasema, "Haya, mweleze mwenyewe." Nikaeleza, mara ya pili wiki hiyo, na hii ilikuwa ngumu kuliko ile ya Kiingereza. Baba yake Zuhura akafikiri sana, akasema posa isirudishwe lakini isiende mbele mpaka aione barua kwa macho yake. Nikashukuru. Wakati natoka nikachungulia sebuleni: friji imevutwa mbele, iko uchi, kitambaa kimekunjwa juu ya redio. Zuhura akanong'ona kwamba inagandisha mpaka majirani wanaleta maji yao.

Barua ikaja siku ya kumi na moja. Mwalimu Komba aliisoma mara tatu akitafuta neno la kusikitika, hakuliona, akagonga meza kwa rula kwa furaha. Nimeajiriwa, fundi wa daraja la pili (siyo injinia), kuanzia mwezi ujao. Siku niliyoripoti nilimkuta mlinzi yuleyule, akafungua kitabu chake akanionyesha jina langu. Hakuwa amelifuta. "Nilisema ngoja kwanza tuone," akaniambia.

Basi ndugu zangu, tangu siku ile nimeapa sitasema nimepata kitu mpaka kiwe mfukoni. Mtu akiniuliza nasema nimeitwa, nasema tunasubiri, hata mke wangu alipokuwa mjamzito watu walipouliza mtoto lini nilisema hizo ni habari za mama yake.

Lakini malipo ya uongo wangu niliyalipa mahali pengine. Saa nne kila siku ya kazi Bi Mwanahawa aliingia karakanani na sinia lake, mafundi wote wakakaa, wakanywa chai, wakala vitumbua vya moto vyenye iliki, na mie, mkwe halali sasa, ndoa imefungwa, ninasimama nyuma ya majokofu, njaa inaniuma, nikijifanya ninapima waya. Naye alikuwa anajua. Alikusanya vikombe polepole kuliko mama lishe yeyote Dar es Salaam nzima. Miaka miwili hivyo, mpaka alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza. Wiki ile Bi Mwanahawa aliporudi kazini, baada ya kumhudumia mzazi, aliwapita mafundi wote, akaja mpaka nyuma ya friji nilipokuwa nimejibanza, akavuta stuli kwa mguu wake ule wa kucha iliyokatika, akaweka juu ya boksi la vifaa vyangu sahani ya vitumbua vinne.

"Kaa ule, baba," akasema. "Sasa nimeamini kazi unayo."